Mbuzi wa Malogo na Mbegu za Chiloleti

"Mbegu ya mgunga humshukuru mbuzi." Mmeisikia leo kwenye kitalu cha miche, na mmenijia mkicheka, mkiuliza mbegu inamshukuruje aliyeitafuna. Mmeuliza vizuri, wajukuu zangu. Methali hii ilizaliwa huku kwetu Ugogoni, katika ugomvi wa shamba.

Palikuwa na mjane aitwaye Chiloleti. Mumewe alipofariki, shemeji yake Malogo alilitaka shamba. Wazee wa ukoo wakaamua kwa desturi: mpaka hushikwa na miti iliyo hai. Chiloleti apande migunga kuzunguka shamba. Mvua zikiisha na mpaka umechipua, shamba ni lake. Usipochipua, afungashe vyombo arudi kwao na watoto.

Mama yule akaokota maganda ya mgunga, akatoa mbegu, akachagua zile laini zinazong'aa. Yenye mkwaruzo hata mdogo aliitupa. Akazitunza ndani ya kibuyu chenye majivu kama mtu anayetunza mayai. Mchana kutwa alishinda akiwafukuza mbuzi wa Malogo waliokuja kula maganda, na mbuzi mnawajua, haya hawana. Wakifukuzwa huku wanarudi kule.

Mvua za kwanza ziliponyesha, akapanda. Siku kumi zikapita, hakuna kitu. Siku ya ishirini akafukua mbegu moja, akaikuta ngumu vilevile, inang'aa vilevile, utadhani haijaonja maji. Alilia sana siku ile.

Kesho yake akaenda kwa Malogo kushtaki, maana mbuzi walikuwa wamemaliza maganda yote yaliyobaki. Malogo hakuwapo. Akapita kando ya zizi la zamani ambalo mbuzi walikuwa wamelihama, akasimama. Kwenye mavi ya mbuzi miche ya migunga ilijaa tele, na hakuna aliyeipanda. Hasira ikamtoka, akashikwa na hamu ya kujua. Akainama, akafukua mavi yale, akakuta mbegu nyingine zimekwaruzika, hazing'ai tena, zimevimba kwa maji. Akajiuliza: kilichozifaa ni samadi, au ni kule kutafunwa?

Akarudi nyumbani kuchunguza. Mbegu chache za kibuyuni akazipanda zilivyo. Nyingine akazisugua kwenye jiwe la kusagia hadi ganda likachubuka, akazilaza kwenye maji usiku kucha, kisha akazipanda. Wiki moja baadaye zilizochubuliwa zilikuwa zimetoa majani, na zile nzuri zimelala tu. Hakungoja zaidi. Akachubua zote zilizobaki, akapanda mpaka wote kabla mvua hazijakatika.

Wazee walipokuja, walikuta miche imelizunguka shamba lote. Malogo, aliyekwisha kusikia habari za zizi lake, akasema, "Shemeji, usijisifu. Bila mbuzi wangu usingeotesha hata mche mmoja."

"Ni kweli, shemeji," akajibu Chiloleti. "Niliwalaani mbuzi wako, kumbe walikuwa walimu wangu. Mbegu ya mgunga humshukuru mbuzi. Lakini haimrithishi mwenye mbuzi shamba."

Wazee wakacheka hadi wakakaa chini, na walipoinuka shamba lilikuwa la Chiloleti. Malogo naye alicheka, ingawa alichelewa kidogo.

Tangu hapo, huku kwetu mtu akichubuliwa na maisha kisha akachipua, hatumwonei huruma tena. Tunamwambia tu: mbegu ya mgunga humshukuru mbuzi.