Mizinga Tisa ya Mjomba Kasubi

"Kimya cha kaka ni kiboko cha mdogo." Mmemsikia shangazi yenu akiyasema maneno hayo leo, mkaniuliza yametoka wapi. Yametoka nyumbani kwetu, na nilikuwapo.

Agosti 1958, kama saa nne asubuhi, moshi ulionekana juu ya msitu wa miombo, kusini mwa kijiji. Kufikia adhuhuri mizinga tisa ya mjomba Kasubi ilikuwa imeteketea.

Tulikuwa wawili msituni: mimi, miaka kumi na minne, na mdogo wangu Lugembe, miaka kumi na mmoja. Tulikwenda kuiba asali. Yeye alipanda mti; mimi nilishika mwenge wa magome wa kuwafukizia nyuki. Warina asali wa kwetu hawaondoki kabla ya kuuzika mwenge mchangani. Nyuki walipotuvamia niliutupa nyasini, tukakimbia tukicheka.

"Kaka, na mwenge?"

"Umezimika. Kimbia, kobe wewe."

Jioni wanaume walikutana uani kwetu. Kwa desturi yetu mtu hanyooshewi kidole. Aliyeshika moto husimama mwenyewe, na tangu siku hiyo haingii tena msituni na warina asali. Lugembe alikuwa ameahidiwa mzinga wake wa kwanza mwaka ule. Hakuwahi kutaka kazi nyingine.

"Nani alishika moto?" baba aliuliza.

Lugembe alinitazama. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Baba akarudia swali, na Lugembe akasimama.

"Mimi, baba."

"Na kaka yako?"

"Alikuwa juu ya mti."

Mjomba Kasubi aliguna. "Basi ule mzinga apewe Mihambo. Huyu angalau kupanda anajua."

Mihambo ni mimi. Hapo pia sikusema neno.

Lugembe alichapwa viboko sita. Hakulia mpaka tulipoingia ndani.

Mama alimpaka mafuta mgongoni. Alipomaliza aliniita, akaushika mkono wangu wa kulia na kuukunjua. Kiganja kilikuwa kimebabuka pale mwenge uliponiunguza. Alikipaka mafuta yaleyale, polepole, wala hakuniuliza kitu.

"Kimya cha kaka ni kiboko cha mdogo," alisema.

Baba na mjomba walikuwa bado uani, nikiwasikia. Mlango ulikuwa wazi. Sikutoka.