Pembe Iliyochelewa Kulia

Sogeeni karibu, wanangu, hadithi imeshabisha hodi.

Palikuwa na mwanamke msuka mikeka, jina lake Mbodze. Siku moja alimpokea Kadzo, aliyevuka mto akikimbia, miguu ikivuja damu.

"Dada, zimwi linameza watu kwetu, na wanangu wamebaki kule," Kadzo alisema. "Mfalme wenu ana pembe. Ikipulizwa, zimwi hufa. Tusemee kwake."

Mbodze akaenda peke yake. Mfalme akamjibu, "Zimwi ni jirani yangu, huniletea asali. Nitazungumza nalo." Zimwi likaahidi kuacha, kisha likameza tena.

Akaenda mara ya pili, peke yake. "Subiri, mama, bado tunazungumza." Ng'ambo ya mto vilio vikazidi.

Mara ya tatu Mbodze akapita nyumba kwa nyumba akiwaita majirani. Wakaja wote, wakaketi langoni kwa mfalme, wakakataa kuondoka. "Puliza, bwana mfalme! Puliza!"

Mfalme akaona haya, akapuliza. Zimwi likaanguka, tumbo likapasuka, watu wakatoka wakiwa hai. Lakini walikuwa wale waliomezwa siku ile tu. Wa kabla yao walibaki mifupa.

Kadzo akawatazama mmoja mmoja. Wanawe hawakuwamo.

"Umetuokoa," waliotoka wakamwambia Mbodze. Naye akalia, akasema, "Majirani walikuja mara tu nilipowaita. Laiti ningewaita siku ya kwanza!"

Kadzo akaketi kando yake.

Hadithi yangu imelala hapo. Nanyi kalaleni, mlio na pa kulala.