Kidari cha Wakili Mghoi

Hapo zamani, si zile za wanyama kuongea, ni hizi za juzijuzi za redio na lami, milimani kwetu alikuwepo mwanamke mmoja, Wakili Mghoi. Alitetea watu kortini miaka mingi, kisha wakamchagua awe mjumbe wa Baraza la jimbo. Huko akapigania sheria moja: mjane asifukuzwe kwenye shamba la marehemu mumewe. Wakubwa waliipinga mpaka wakatoka povu. Ikapita!

Basi kijiji kikachinja mbuzi. Na kwetu, jamani, mbuzi wa shangwe ana kidari kimoja, na hakigawanywi. Mwenye sherehe humpa mtu mmoja tu, yule aliyemfikisha alipofika. Humpa kwa mkono wake, mbele ya watu wote, kingali moto. Hapo ndipo wivu ulipoanza.

Wa kwanza kusimama alikuwa dada yake, Wakesho.

"Mdogo wangu, kidari ni changu. Mjane ni mimi. Nilisimama mbele ya Baraza lile nikaeleza jinsi mashemeji walivyonitoa nyumbani na kanga moja, udongo wa kaburi haujakauka. Aibu nikaianika mimi, makofi ukapigiwa wewe. Tangu utotoni, makofi ni yako tu! Leo na mimi nionekane."

Akasimama Mwakio, wakili mwenzake wa ofisi moja.

"Dada Wakesho, pole sana. Lakini sheria ile niliiandika mimi, kifungu kwa kifungu. Na kiti chenyewe cha Baraza, wazee walinifuata mimi kwanza. Nikawaambia mpeni Mghoi, anajua kuongea. Sasa kila nikimsikia redioni, roho inaniuma. Sifichi, naona wivu. Kidari ni changu."

Alaa! Mumewe, Maghanga, akainuka polepole.

"Mama Shuma, mimi sikuandika kitu. Nilipika, nikalaza watoto. Sokoni wanaume wenzangu wananiita mke wa mheshimiwa. Ulikuwa unarudi usiku na gari la huyu Mwakio, mnacheka mpaka mlangoni. Wivu ukanila, nikakupashia chakula, nikanyamaza. Ningesema neno moja tu ungeacha siasa, unajua. Leo ukimpa huyu kidari mbele za watu, kesho usinitafute."

Mghoi, yule aliyewashinda wakubwa kwa maneno, akainuka. Akafanya alilozoea.

"Naomba tuahirishe shauri hili hadi wiki ijayo."

Weee! Watu wakaangua kicheko. Mchinjaji akamwambia, "Mheshimiwa, hapa si kortini. Kikipoa, umesema hakuna aliyekusaidia."

Kicheko kikakatika. Mghoi akainua sahani ya kidari, mafuta yanamdondokea gauni. Wakesho alishanyoosha mkono, analia. Mwakio alikuwa akitazama chini. Maghanga alishavaa kofia yake, na mguu mmoja uko nje ya uwanja.

Sasa ninyi mnaotikisa vichwa, msinitazame mimi. Yuko dada aliyeianika aibu yake, yuko mwenzake aliyeachia kiti, yuko mume aliyemeza wivu akanyamaza. Mmoja akipewa, wawili wanaondoka na donge. Semeni upesi, kidari kinapoa: nani alistahili?