Fisi Alipokwenda Semina ya Punda

Paukwa!

— Pakawa!

Masikio yako wapi?

— Kichwani!

Yameziba?

— Tumeyazibua!

Haya, yashikeni vizuri, maana ninayoyaleta yana miguu minne na yanapiga mateke.

Hapo kale palikuwa na kilima kikavu, kikavu kama kisigino changu hiki. Maji yalikuwa bondeni, wakazi walikuwa kileleni. Wakazi wenyewe ni pimbi, wale wanyama wadogo wa mawemaweni. Na kati ya maji na wakazi alikuwapo Bwana Fisi.

Fisi wa siku hizo alikuwa na mgongo ulionyooka kama ubao wa mlango. Kazi hafanyi, kula anakula. Alikuwa na punda wake, Bi Punda. Alimpataje? Msiniulize mimi, hata Bi Punda hakuulizwa. Kila siku Bi Punda alifungwa shogi, lile tandiko la mizigo, akapakiwa madumu sita ya maji, akapanda kilima. Kwatu-kwatu, hoi! Kwatu-kwatu, hoi! Na huko kileleni, pimbi akitaka maji sharti aende kwanza kuokota mifupa iliyobakishwa na simba, amletee Fisi.

Bi Punda akisema, "Bwana, naomba maji kidogo," Fisi hujibu, "Maji ni ya wateja!"

Akisema, "Bwana, nipumzike kidogo," Fisi hujibu, "Utapumzika ukiwa kitoweo!"

Na fimbo juu: chwaa!

Maana Fisi alikwisha kupiga hesabu zake. Punda akisimama, atabeba. Punda akianguka, ataliwa. Hapo hasara iko wapi? Na magoti ya Bi Punda yalikuwa yameanza kutetemeka.

Sasa, kando ya njia ile, ndani ya shimo, aliishi Kuchakulo. Mnamjua Kuchakulo? Kanyama kadogo, mkia kama brashi, macho hayatulii. Kila siku alisikia kwatu-kwatu, hoi, juu ya paa la nyumba yake, na kila siku ile hoi ilizidi kuwa ndefu. Asubuhi moja akatoka na mwiba na jani la mkonge, akamfuata Bi Punda, mbio mbio, akiandika.

"Dada, kidonda hiki cha mgongoni ni cha lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Na jana umekunywa maji mara ngapi?"

"Umande wa kwenye majani unahesabiwa?"

"Hauhesabiwi."

"Basi sikunywa."

Kuchakulo akaandika. Krrr, krrr. Akapima shogi kwa mkia wake. Akahesabu fimbo. Siku saba alifanya hivyo, mpaka majani ya mkonge yakamjaa mikononi.

"Unaandika ili iweje?" Bi Punda akauliza.

"Ili Bwana Fisi ajue."

"Mbona anajua," Bi Punda akasema, akaendelea kupanda.

Kuchakulo hakusikia, au alijitia hasikii. Akaenda kwa Fisi, akapiga hodi kwa adabu zote, akasoma: punda akinywa kabla ya safari, hubeba vizuri zaidi. Punda akiwekewa nyasi laini chini ya shogi, hapati kidonda. Punda akipumzika, huishi miaka mingi.

Fisi alisikiliza huku akijichokonoa meno. Kisha akacheka, hiii-hiii-hiii!

"Kijana, umesoma vizuri. Sasa niambie: huyo wa miaka mingi, nitamla lini?"

Akachukua yale majani ya siku saba akajifutia mdomo.

Kuchakulo alirudi shimoni kwake, akakaa, hakula. Jioni Bi Punda akapita, hoi, akamwona. "Nilikwambia anajua, mdogo wangu."

"Anajua kwa macho tu, dada," Kuchakulo akasema. "Mgongo wake bado haujasoma."

Kesho yake, kabla jua halijakaa sawa, Kuchakulo alisimama juu ya jiwe bondeni akapaza sauti: "Semina! Semina ya utunzaji wa punda! Wote mnakaribishwa! Chakula kipo!"

Katika maneno yote yale Fisi aliyasikia mawili. Ni yapi?

— Chakula kipo!

Ahaa. Alifika wa kwanza, mate yanamtiririka, cho-cho-cho. Pimbi walikuwa wameketi mstari kama wanafunzi, na Bi Punda amesimama kivulini.

"Chakula kiko wapi?" Fisi akauliza.

"Salamu kwanza, Bwana Fisi."

"Hamjambo. Chakula kiko wapi?"

"Kiko kileleni. Hii ni semina ya vitendo. Mshiriki anavaa shogi, anabeba dumu, anapanda. Akifika na dumu moja, sahani moja. Akifika na mawili, sahani mbili."

Fisi akageuka akaitazama ile njia. Akalamba midomo. "Nifungeni!"

Pimbi wakamfunga shogi. Kaza! Kaza! Kaza! Fundo likawa chini ya tumbo, mahali ambapo jino la Fisi halifiki.

Wakapakia dumu la kwanza. "Bwana Fisi, limetosha," Kuchakulo akasema.

"Ongeza!"

Wakapakia la pili. "Bwana Fisi, limetosha."

"Ongeza!"

La tatu. La nne. La tano. "Bwana Fisi, kwa heshima yako, wewe si punda."

"Kwani punda ana nini? Ongeza!"

La sita likakaa. Safari ikaanza. Kwatu-kwatu, hoi! Kwatu-kwatu, hoi! Nyuma akatembea pimbi mmoja na fimbo, akipiga mawe tu, chwaa! Lakini kila chwaa, Fisi aliruka kama amechapwa yeye.

Kona ya kwanza. "Mwalimu, naomba maji kidogo."

Kuchakulo akafungua jani jipya la mkonge, akasoma: "Maji ni ya wateja."

Kona ya pili. "Mwalimu, nipumzike kidogo."

Kuchakulo akasoma: "Utapumzika ukiwa kitoweo."

"Nani kaandika upuuzi huo?"

"Nimeandika mimi. Msemaji ni wewe."

Fisi akaendelea kupanda. Shogi lilikuwa limeteleza nyuma, madumu yote sita yamemkalia kiunoni. Akajaribu kulegeza kamba, jino halikufika. Akajaribu kurudi, njia nyembamba, pimbi wamejaa nyuma. Kona ya tatu magoti yakaanza kucheza. Yakacheza, yakacheza, halafu bwaaa! Fisi chini, mdomo vumbini, madumu juu.

Pimbi wakashangilia. "Kaanguka! Kaanguka! Na anayeanguka hufanywaje?"

"Huliwa!" wakaitikia wenyewe. Pimbi hali nyama hata siku moja, lakini siku hiyo mmoja alishaanza kuuliza chumvi iko wapi.

Fisi akalia. Hakulia kwa ujanja, alilia kweli, kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. "Nakufa! Jamani, mzigo huu unaua!"

Hapo Bi Punda, aliyekuwa akiwafuata nyuma, akapenya katikati yao, taratibu. Wote wakajua: sasa ni teke. Fisi akafumba macho. Bi Punda akainama, akang'oa kifuniko cha dumu kwa meno, akalisukuma kwa pua mpaka maji yakafika mdomoni mwa Fisi.

"Anywe kwanza," akasema. "Mwenye kiu hafundishiki."

Fisi akanywa, glu-glu-glu. Pimbi wakatazamana. Yule wa chumvi akajificha nyuma ya mwenzake. Kuchakulo akaitazama ile fimbo, akaichukua, akaivunja. Kisha akaingia chini ya tumbo la Fisi akakata kamba kwa meno.

"Bwana Fisi, umehitimu. Karibu kileleni, chakula chako kipo."

Fisi akajikokota mpaka juu, hamu ndiyo iliyombeba. Akakuta sahani, amefunikiwa vizuri. Akafunua. Nyasi!

"Hii nini?"

"Semina ilikuwa ya punda, Bwana Fisi. Ulitaka tupike nini?"

Fisi alishuka upande wa pili wa kilima bila kuaga, na hajaonekana pale mpaka leo. Mgongo wake haukunyooka tena: mabega juu, kiuno chini, pale pale shogi lilipokaa. Na Bi Punda? Hupandisha maji bado, kwa hiari yake, madumu mawili, nyasi laini chini ya shogi. Katikati ya njia husimama apendapo, na pimbi wote husubiri.

Sasa, wanangu, funzo. Mnasemaje?

— Tuwatunze wanyama!

Wapi! Hamkunisikiliza. Funzo ni hili: msiende semina. Yule Fisi alikuwa mjinga na mgongo umenyooka. Akaenda kusoma siku moja tu, tazameni alivyorudi! Na kama ni lazima mwende, ulizeni kwanza kuna mboga gani.

Haya, ngano yangu nimeitua. Anayeitaka aibebe, ikimwelemea, aishushe polepole, asiniangushie vidoleni.