Boriti ya Chumba cha Kujifungulia

"Boriti iliyokatwa njiani haifiki ukutani." Mmemsikia muuguzi akiitamka methali hiyo leo, nanyi mnaniuliza ni nani aliyeisema kwanza. Hilo siwezi kulijibu. Watu walikuwa wengi, na tulikuwa tumechoka mno hata kugeuka kumtazama msemaji. Lakini tukio lililoizaa nililiona kwa macho yangu, nalo lilianzia pale chini, kwenye kona ya jabali.

Wakati huo, hapa kwetu Upareni, zahanati haikuwa na chumba cha kujifungulia. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu alilazwa kwenye machela, akashushwa mlimani hadi tambarare. Wifi yangu Namkunda alishushwa hivyo, akarudi mikono mitupu. Alipopata mimba nyingine, pembe ya msaragambo ikapigwa kuita watu kwenye kazi ya pamoja: kila kaya itoe mtu, chumba kikamilike kabla ya masika. Kuta zikasimama. Zikabaki boriti tatu za kubeba paa.

Kaka yangu Kiangi, mumewe Namkunda, alikwenda kuzichukua kwa pikapu yake kuukuu. Zilizidi gari mbele na nyuma, na kitambaa chekundu kilining'inia mkiani. Sisi tulifuata kwa miguu, tukisukuma kila matairi yalipozama topeni. Konani, boriti ziligonga jabali. Alipolirudisha gari nyuma, mkia ulielea juu ya korongo. Akaenda mbele, akarudi, akaenda tena, hadi klachi ikanuka.

"Kiangi, gari lako linacheza ngoma?" mtu akatania. Hakuna aliyecheka.

Kiangi akashuka, akaegemea mlango. "Leteni msumeno. Tukate urefu wa mkono mmoja tu. Nani ataona?"

"Fundi ataona," nikamjibu.

"Fundi amekaa juu ya ukuta wake, dada. Usukani ninao mimi."

Sikuwa na nguvu za kubishana. Tukashusha mbili, tukaziweka kando ya njia, kisha tukaikata ya tatu kwa kujaribu. Gari likapita. Tukapiga makofi machache, tukapanda nalo.

Kule juu wanaume waliinyanyua boriti. Ncha moja ikakaa ukutani. Ya pili ikabaki hewani, imepungua mkono uleule.

"Unga kipande," Kiangi akasema.

Fundi Mbwambo akatikisa kichwa. "Niunge juu ya nini? Hapa katikati hapana nguzo. Siku paa likilemewa, litamlalia mzazi na mtoto wake."

Namkunda alikuwa ametuletea makande. Akakitua chungu polepole, mkono mmoja kiunoni.

"Mume wangu, njia ile mimi naijua," akasema. "Niliishuka tukiwa wawili, nikaipanda peke yangu. Usiniambie mkono mmoja ni kitu kidogo."

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya umati, sauti ya mtu aliyechoka, bila hasira wala kejeli: "Iliyokatwa njiani haifiki ukutani."

Kiangi alitazama vumbi la mbao viganjani mwake. Kisha akatugeukia.

"Zile mbili hazikatwi," akasema. "Tule makande haya, halafu tushuke tukazibebe mabegani. Kesho nitafuata nyingine mahali pa hii. Ikifika konani, nayo tutaibeba."

Hakuna aliyeshangilia. Mmoja baada ya mwingine, watu wakanawa mikono, wakala, wakashuka.

Benchi hilo mlilokalia, hapa nje ya chumba alimozaliwa mtoto wa Namkunda, ndiyo boriti ile fupi. Imewapumzisha kina mama wengi, nami siidharau. Lakini inueni macho mtazame paa: zinazolibeba ni zile tulizozibeba. Boriti iliyokatwa njiani haifiki ukutani.