Chungu Kinachozaa Mbuzi

Sogeeni karibu, maneno yangu yasianguke njiani. Haya, mmesogea!

Palikuwa na mjane mfuga mbuzi, Bi Mwanakombo. Siku moja mjini kwao akaingia mgeni mtanashati, amebeba chungu kikubwa. "Tia mbuzi mmoja," akasema, "Ijumaa uchukue wawili."

Jirani wa Bi Mwanakombo, Shekue, akatia mmoja, Ijumaa akapata wawili. Basi mji mzima ukakimbilia chungu.

Bi Mwanakombo akauliza, "Mgeni wetu, huyo wa pili katoka wapi?"

"Chunguni, mama."

"Na chunguni kaingiaje?"

"Kwa baraka, mama."

"Na baraka hiyo inakula nini?"

Mgeni akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Bi Mwanakombo hakutia kitu. Akaenda kwa Shekue kuwatazama wale mbuzi. Wa pili alikuwa na sikio lililopasuliwa, alama ya mbuzi wa Mzee Ngwali, aliyetia wake wote Alhamisi na bado anasubiri.

"Shekue, faida yako ni mbuzi wa Ngwali!"

Watu wa mji wakaitana, wakaenda wote pamoja kudai mbuzi wao. Mgeni akatetemeka, pembe zikamchomoza. Kumbe zimwi! Akarukia chunguni, chungu kikabingirika hadi mtoni, kikazama. Pale kilipokuwa pakabaki rundo la mifupa ya mbuzi.

Watu wakalia sana. Shekue akamrudishia Ngwali yule mmoja wa sikio lililopasuliwa. Naye Bi Mwanakombo, mbuzi wake alipozaa, akamwongezea Ngwali kitoto kimoja aanze upya.

"Huyu atakua polepole," akasema, "lakini mama yake tunamjua."

Ngano yangu imefika kwake. Nanyi nendeni kwenu, mkafunge mazizi.