Tundu Moja, Spika Tatu

Hapo zamani, si zamani ya mababu, ya juzi tu, dansi lilipokuwa bado dansi, alikuwako Tabora mpiga gitaa la solo aliyeitwa Chande Mloka. Alikuwa amechoka. Amechoka vidole, amechoka mgongo, amechoka kuipandisha ampu yake, lile sanduku la kukuza sauti ya gitaa, ngazi za ukumbi. Lakini ampu hiyo ilipolia, hata wauza karanga mlangoni waliacha kuuza.

Basi siku moja bendi ikaalikwa arusini. Sanduku la spika ya besi zito, watu wote hoi, wakaliacha. Walipofika, Gervas mpiga besi akauliza sasa yeye atapigia wapi. Chande akamwambia achomeke tu kwenye ampu ya gitaa, nani wa kurudi? Akachomeka. Kabla bibi arusi hajatolewa ndani, spika ya ampu, isiyouweza uzito wa besi, ilikohoa, ikachanika, ikanyamaza. Haya, kosa la aliyechomeka au la aliyesema chomeka? Hilo tuliweke kiporo.

Mwenye ukumbi walimokuwa wakipiga akasema Jumamosi ikipita bila muziki wa kueleweka, ataleta disko. Na Chande hakuwa na kazi nyingine duniani. Akakaa uani na bisibisi yake, ampu imefunguliwa mgongo. Tundu la spika ni moja. Spika zikaja tatu.

Wa kwanza kuja ni Bi Sikudhani, mjane wa Kibwana aliyepiga gitaa katika bendi hiyohiyo. Alileta spika ya ampu ya marehemu, kaifunga kwa khanga. Chande akaijaribu. Tamu, tamu ya kuumiza, lakini ndogo. Ukumbi ukijaa, ataisikia mpigaji peke yake.

Bi Sikudhani akasema, "Shemeji, mimi ukumbi siujui. Tangu azikwe, nyumba yangu kimya. Nataka nimsikie mara moja tu."

Akaja Gervas, na spika aliyoing'oa kwenye sanduku lake la besi. Chande akaijaribu. Nguvu inayo, hadi sufuria za jikoni zililia, lakini solo ilitoka kama imefunikwa blanketi. Na Gervas bila spika ile si mpigaji tena, ni mtazamaji.

Akasema, "Kaka, mimi ndiye niliyekunyamazisha. Acha sasa ninyamaze mimi."

Roho ilimsuta Chande.

Wa mwisho fundi Kaombwe, macho yamekwisha kwa kazi ya nyaya. Yeye alikuwa ameichukua ileile iliyochanika, akaitia kiraka cha karatasi, akaisuka waya upya, akipapasa kwa vidole. Chande akaijaribu. Lo! Sauti yake mwenyewe, ile inayojulikana mji mzima. Lakini kiraka ni kiraka. Huenda kikashika mwaka, huenda kisimalize wimbo mmoja.

Kaombwe akasema, "Hizo nyingine ni sauti za watu, Chande. Hii ni yako. Ikikutupa jukwaani, imekutupa yako."

Jumamosi ikafika, kwani siku haingoji mtu. Watu wamejaa, mwenye ukumbi anazungukazunguka. Bi Sikudhani yuko kiti cha mbele. Gervas amesimama ukutani na gitaa la besi lisilo pa kuchomeka. Kaombwe yuko mlangoni, kafumba macho asikilize vizuri. Na Chande kapiga magoti nyuma ya ampu, skrubu mkononi, spika tatu sakafuni, mgongo unamuuma. Akatamani mtu mmoja tu amwambie "funga hiyo", kama yeye alivyomwambia mwenzake "chomeka tu".

Hakuna aliyemwambia. Haya, mwambieni nyinyi mliokaa mkinisikiliza. Ila msijibu kwa kuchoka, maana kuchoka ndiko kulikotufikisha hapa. Tundu ni moja. Je, spika ya nani ilistahili?